Folda ya Maman

Nitasema mapema, ili mtu asinione mwema kuliko nilivyo: nywila ya kufungua ile folda nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Niliitunga mwenyewe, herufi na tarakimu kumi na mbili, na sijawahi kuisahau hata nikiwa na homa. Nilikaa nayo miezi saba kichwani, huku mama yangu, Maman, akipoteza masikio wiki baada ya wiki pale kwake Mururu, na kila Jumapili akiniuliza kama sauti ya mwanawe imeshafunguliwa.

Mdogo wangu na mimi tulikuwa na ofisi Kamembe, hatua chache kutoka sokoni. Tulichapa barua, tukapiga picha za vitambulisho, tukarekodi harusi na ubatizo. Tulikuwa na kompyuta tatu. Mbele ilikuwa yangu, ya Windows. Yake ilikuwa Mac, aliipata Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kwa mtu aliyekuwa anahama. Ya tatu ilikaa nyuma ya pazia, kuukuu, haina hata kioo, inaendeshwa na Linux, na ndiyo iliyotunza kazi zetu zote. Tuliiita Bibi, kwa sababu ilikaa chumba cha nyuma, haisemi, na vitu vya kila mtu viko kwake.

Bibi alikuwa na sheria zake, na mimi ndiye niliyeziweka. Kila folda ina orodha ya watu: nani asome, nani aandike, nani asiguse kabisa. Faili likizaliwa ndani ya folda linarithi orodha ya folda hiyo, halina haja ya kuomba. Lakini faili lililozaliwa kwingine, kisha likahamishiwa humo, linakuja na ruhusa za huko lilikotoka. Linakaa katikati ya wenzake, jina linaonekana, na hakuna anayeweza kulifungua. Sisi wenyewe tulikuwa watu wa namna hiyo. Wazazi wetu ni Wanyarwanda, sisi tumezaliwa na kukulia Bukavu, tukarudi huku Rusizi, Rwanda, tukiwa watu wazima na Kinyarwanda cha kubabaisha, mpaka wauza maharagwe walikuwa wanatucheka. Kwa hiyo mimi, kuliko mtu mwingine, nilipaswa kuyahurumia mafaili hayo. Wapi! Yalinitia hasira.

Mdogo wangu alikuwa bingwa wa kuhamisha. Anatengeneza filamu ya harusi kwenye folda yake binafsi kule kwa Bibi, ikishaiva anaivuta kuingia folda ya wote, anakwenda zake kunywa chai. Mimi huku mbele na bwana harusi, nabofya. Huna ruhusa. Nabofya tena. Huna ruhusa. Yeye anarudi na andazi mdomoni: “Yaya, pole, nimesahau.” Yaya kwetu ni dada mkubwa. Mara ngapi nilimweleza, usihamishe, nakili, ukinakili itarithi? Alikuwa anaitikia kama mtoto kanisani, na kesho yake ni yaleyale. Kila jioni kabla ya kufunga nilipita folda moja baada ya nyingine, nikiyarudishia mafaili yake ruhusa za wote. Alinipa jina: Duwane, yaani forodha. “Duwane yetu inapekua mizigo,” alikuwa akiwaambia wateja, na wateja wa Bukavu, ambao duwane ya kweli wanaivuka kila siku na vikapu vyao, walicheka mpaka wakashika meza.

Figo zake zilianza kumsumbua mwaka jana. Akakonda usoni, akavimba miguuni. Asubuhi moja, ofisi ikiwa bado haina mtu, aliniuliza: “Yaya, ukitaka folda isirithi kitu kutoka juu, unafanya je?”

Nilifurahi sana, ningempigia makofi. Baada ya miaka yote, mtu ameuliza! Nikamwonyesha: hapa unakata urithi, hapa unafuta orodha ya zamani, kisha unaandika majina mapya, jina kwa jina. Aliandika kila hatua kwenye karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati. Sikumuuliza ni ya nini.

Miezi miwili baadaye ndipo niliposema neno ambalo sijaweza kulimeza mpaka leo. Ukoo mzima wa mteja mmoja ulikuwa umevuka kutoka Bukavu kuchukua filamu ya harusi, kina mama na vitenge vyao vya sare, wazee wawili, na bibi harusi mwenyewe. Nikabofya. Huna ruhusa. Naam, nywila kubwa nilikuwa nayo, ningeingia kwa Bibi na kuifungua mwenyewe kwa dakika moja. Lakini hasira ilikuwa imenipanda. Nikampigia simu, naye alikuwa amelala nyumbani Mururu. Akaja kwa pikipiki, kandambili miguuni kwa sababu viatu havikumwingia tena. Mbele ya watu wote wale nikamwambia: “Kama kazi imekushinda, kaa nyumbani na Maman.”

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha kukatika, kama mtu anayepanda ngazi. Akasema, “Basi, Duwane imenirudisha,” akaketi, akaifungua filamu, akawapa mkono wazee, akaondoka.

Baada ya siku ile hakuja tena kazini nikiwepo. Nilikwenda kumwona mara tatu, na maji ya matunda, na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo aliyoipenda. Tuliongea juu ya mvua. Sikuomba msamaha. Nilijiambia ngoja apate nafuu kwanza.

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, wakati mimi na majirani zangu wa Gihundwe tunafyeka mfereji, yeye alichukua pikipiki akaja ofisini peke yake. Nilijua Jumatatu, nilipokuta kwa Bibi folda mpya imeandikwa YA MAMAN. Nikabofya. Huna ruhusa. Nikafyonya. “Hata akiwa mgonjwa!” nilisema kwa sauti, peke yangu, nikaiacha hivyo hivyo, nikidhani ni fujo zake za kila siku. Alhamisi ya wiki hiyo alikufa, mchana, mama amekwenda kumchotea maji ya kunywa.

Kwetu, mtu akifa, vitu vyake havichezewi. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yetu, alivuka kutoka Bukavu, akakusanya mashati yake, koti, viatu, kamera na ile Mac, akavitia kwenye sanduku moja, akalifunga kwa kufuli, akaweka ufunguo mfukoni. Lingefunguliwa siku ya kuondoa kilio, mbele ya ukoo, na kila kitu kingepata mwenyewe. Hapo ndipo Maman alipoinua kichwa.

“Aliniambia ameniwekea sauti,” alisema. “Kule kazini kwenu. Alisema Yaya ataniletea.”

Watu wote wakanigeukia. Na mimi, kabla mtu hajasema neno, nikasema: “Ipo, Maman. Lakini ni kitu cha marehemu. Tungoje siku ya kuondoa kilio.” Nikamgeukia Baba mdogo. “Si ndivyo?”

Baba mdogo anajua simu ya kupiga na kupokea, basi. Akawaza kidogo. “Kama ni kitu yake, ni kitu yake,” akasema. Nikaitikia haraka kuliko wote. Watu wakasema binti huyu ana adabu, anaijua mila. Adabu gani! Nilikuwa naogopa. Nilikuwa na hakika kwamba ndani ya folda ile mdogo wangu amemsimulia mama siku ya ile filamu ya harusi, jinsi nilivyomwaibisha mbele ya wageni, akiwa na kandambili miguuni. Amekata urithi ili mimi nisiingie. Nami nilimfundisha mwenyewe namna ya kunifungia. Sikutaka kuisikia sauti ile ikinisema. Mila ilinipa mahali pa kujificha, nikajificha.

Siku ya kuondoa kilio ilipangwa baada ya miezi mitatu. Kisha mambo ya Bukavu yakaharibika, kuvuka kukawa shida, Baba mdogo akatuma ujumbe tusogeze. Tukasogeza. Tukasogeza tena.

Sikio la kushoto la Maman lilikuwa limekufa zamani. Baada ya msiba la kulia nalo likaanza kufuata. Mwanzoni nilidhani ni huzuni tu, hajali kujibu. Lakini Maman alikuwa na mchezo wake: ndege inayotua Kamembe ikipita juu ya Mururu, yeye huisikia kabla ya watu wote, akiwa bado na jembe mkononi, anasema, “Batu banakuja.” Mdogo wangu alikuwa akimtania kwamba uwanja wa ndege ungemwajiri. Sasa ndege ikawa inafika juu ya paa ndipo anaisikia. Nikampeleka kwa daktari. Daktari akampima, akaniita pembeni, akasema mishipa ndiyo inayokufa, na kifaa cha masikioni hakitasaidia sana. “Mwenye neno la kumwambia,” alisema, “amwambie sasa.”

Nilirudi naye nyumbani nimemshika mkono, yeye ananiuliza daktari amesema nini. Nikamwambia amesema ale mboga.

Kila Jumapili baada ya misa nilipanda Mururu. Kabla sijakaa, anauliza: “Imefunguka?”

“Bado, Maman. Tunamngoja Baba mdogo.”

“Ongeza sauti.”

“Tunamngoja Baba mdogo!”

“Baba mdogo atafika. Lakini masikio yangu haiko inangojea muntu.”

“Kawia ufike, Maman,” nikamwambia, na nilisema kwa kucheka, kumchangamsha. Ee Mungu wangu. Kuna safari ukikawia hufiki, na mimi nilikuwa na karatasi ya daktari kwenye mkoba wakati nasema hivyo.

Nisidanganye, nilijaribu. Mwezi wa tano baada ya msiba, mchana, mvua inanyesha na wateja hakuna, nilikwenda nyuma ya pazia, nikaunganisha kioo kwa Bibi, nikaanza kuandika nywila. Nikafika herufi ya kumi na moja. Nikafuta yote, nikarudi mbele, nikaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Jumapili moja tulikuwa uani tunachambua maharagwe. Ndege ikaja. Ilipita chini, kuku wakatawanyika, mbwa wa jirani akabweka. Maman aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe moja, akalitupa, akachukua punje nyingine. Nilimtazama mpaka ndege ikazima kule Kamembe. Hakuinua kichwa.

Juma lililofuata Baba mdogo alituma habari kwamba anavuka. Ijumaa, siku moja kabla ya kilio kuondolewa, nilikwenda kwa Bibi kutoa ile folda niiweke kwenye laptop. Kabla ya kufungua nikatazama orodha ya ruhusa, kwa mazoea tu. Kutazama orodha si kufungua. Ndiyo kazi niliyoifanya kila jioni kwa miaka. Kwa folda zote niliifanya, isipokuwa hii.

Orodha ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza jina la mdogo wangu. Wa pili: maman, kusoma. Basi. Alikuwa amemfungulia Maman akaunti yake kwa Bibi, Maman ambaye hajawahi kugusa hata kipanya. Alikata urithi mahali pale pale nilipomwonyesha, akafuta majina ya zamani, akaandika mapya, jina kwa jina. Haikuwa fujo. Miaka yote alinisumbua na ruhusa, na hii moja aliipanga safi kuliko folda zangu zote. Nilikaa chini, kwenye sakafu, pembeni ya Bibi, nikalia kwa sauti mpaka mwenye duka la jirani akaja kuuliza kama nimepata msiba mwingine.

Jumamosi ukoo ukakutana Mururu. Sanduku likafunguliwa. Koti likaenda kwa binamu, kamera nikapewa mimi, viatu vikampata kijana wa shangazi. Baba mdogo akauliza kama kuna kilichobaki. Nikamweleza ile folda, na orodha yake, na jina la Maman. Nilieleza mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikueleweka. Alipoelewa akavua kofia.

“Kitu muntu anapana akiwa muzima haiko urithi,” akasema. “Miye nilifunga sanduku ya marehemu. Hii ilikuwa ya mama yako tangu mbele. Mbona haukuniuliza vizuri?”

Majuto ni mjukuu, wanasema, na wangu alikuwa ameshakaa mapajani.

Tukaweka laptop juu ya kigoda, mbele ya Maman, na spika kubwa ile tuliyokuwa tunaipeleka harusini. Nikakaa mahali ninapouona uso wake. Mafaili yalikuwa manne, nikaanza na la kwanza. Sauti ikatoka. Yoo! Ilikuwa yeye kabisa, na shida ya pumzi, na kile kicheko cha kukatika. Shangazi akaziba mdomo. Majirani wakasimama kwenye ua. Kila mtu pale Mururu alimsikia mdogo wangu, hata waliokuwa wanapita njiani.

Maman alikuwa anatazama midomo yetu. “Imeanza?” akauliza.

Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Spika ikakwaruza. Maman akainama, akaweka sikio la kulia, akafumba macho. Kisha akaondoa sikio, akaweka kiganja chake juu ya spika, akakiacha pale.

“Inatetemeka,” alisema. “Iko anasema. Anasema nini?”

Watu wakanitazama tena, kama siku ile ya kwanza. Nikasimamisha, nikarudisha mwanzo. Nikapiga magoti karibu na sikio lake, nikawa nasikiliza sentensi moja, nasimamisha, namrudia kwa kupiga kelele. Maneno yake, sauti yangu.

“Maman, ni miye! Usilie kwanza, ngoja nimalize!”

Maman akaitikia kwa kichwa.

“Dawa ya presha unywe asubuhi, siyo wakati unakumbuka! Tena ile triko yangu nyekundu usiipe binamu, huyu hafui nguo!”

Uani watu wakacheka na kulia. Binamu mwenyewe alikuwepo, na koti mabegani. Nikaendelea. Nilikuwa nangoja siku ya ile filamu ya harusi ifike. Nilikuwa nimejiandaa kuitamka mwenyewe mbele ya ukoo wote, nikasema afadhali, nastahili. Haikufika. Juu ya siku ile hakusema neno, hata moja. Alichosema ni hiki, nami nilikisikia, nikasimamisha, nikakitazama kioo mpaka Maman akanigusa bega.

“Anasema nini?”

“Yaya nimemfungia mulango makusudi!” nikapiga kelele. “Nilitaka weye usikie wa kwanza! Lakini namjua! Duwane yangu haiwezi kuona muzigo ikaiacha bila kufungua! Nikikufa asubuhi, jioni ameshafungua, amelia, amepanda pikipiki, amekuletea! Ndiyo maana ninasema sasa, Maman, wakati sikio ya kuume ingali inasikia! Najua unanisikia!”

Hapo, kwenye sauti, mdogo wangu alikuwa amecheka. Mimi sikucheka.

Kiganja cha Maman bado kilikuwa juu ya spika, ingawa spika ilikuwa imenyamaza. Kisha akauliza polepole, kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyejisikia: “Alisema utafungua siku ileile?”

“Ndiyo, Maman.”

Hakusikia. Nikaitikia kwa kichwa.

“Na weye ulingoja.”

Nikaitikia tena. Nilitaka anipige, anitukane, afanye lolote. Akanifuta uso kwa ncha ya kitenge, kwa nguvu, kama alivyokuwa akitufuta tukiwa wadogo kabla ya kwenda shule.

“Rudia,” akasema. “Tangu mwanzo. Polepole. Na pale alicheka, na weye ucheke.”

Nikarudisha mwanzo. Maman, ni miye, usilie kwanza. Dawa ya presha. Triko nyekundu. Yaya nimemfungia mulango, lakini namjua. Najua unanisikia. Nilipofika pale, Maman ananitazama mdomo, nikacheka.